Kipeuo mara kumi, mraba mara kumi: kisa cha programu fupi iliyopima hesabu za kompyuta za nyumbani

Novemba 1983 jarida la Marekani liitwalo Creative Computing lilichapisha programu fupi sana ya BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyokuja na kompyuta nyingi za nyumbani. Aliyeiandika ni David Ahl, mwanzilishi wa jarida hilo. Mtu aliweza kuichapa kwa dakika chache kwenye kompyuta yake ya nyumbani, akabonyeza kitufe, akatazama saa. Katika miezi iliyofuata orodha ya matokeo ilizidi kurefuka hadi ikazigusa karibu mashine zote za wakati ule, mpaka Cray-1, kompyuta kubwa ya watafiti, iliyomaliza kazi yote kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Programu inafanya hivi. Inachukua namba 1 hadi 100, moja baada ya nyingine. Kila namba inatolewa kipeuo cha pili mara kumi mfululizo, kisha jibu linapandishwa mraba mara kumi. Kwa hesabu za darasani unarudi pale ulipoanzia: 100 inabaki 100, 37 inabaki 37. Marejeo yote yanajumlishwa. Jumla ya 1 hadi 100 ni 5,050, na ukigawanya kwa 5 unapata 1,010. Mwishoni programu inaandika tofauti kati ya 1,010 na kile mashine ilichopata. Mashine isiyokosea ingeandika sifuri. (Katikati ya kazi inaomba pia namba 2,000 za nasibu ili kuona kama jumla yake inakaribia 1,000. Hicho ni kipimo kingine, nakiacha.)

Ninachokithamini katika kipimo hiki ni kwamba kiliuliza maswali mawili juu ya kazi ileile: umetumia muda gani, na umekosea kiasi gani. Vipimo vingine vilivyopendwa siku zile, kama ule wa kuchuja namba tasa, vilihesabu sekunde peke yake. Mashine iliyofuta tarakimu ili iwahi ilisifiwa, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua.

Matokeo yanayonivutia ni ya mashine tano. IBM PC ilitumia sekunde 24, na kosa lake lilikuwa 0.0116 hivi. Apple II na Commodore 64 zilitumia dakika 1 na sekunde 53, kosa 0.00104. TI-99/4A ya Texas Instruments ilikaribia dakika 4, ila kosa lake lilikuwa kama sehemu moja ya milioni kumi. Atari ilitumia zaidi ya dakika sita na nusu, na kosa lake lilizidi 0.01.

Ukizisoma haraka, nne za kwanza zinasimulia habari inayoeleweka kirahisi. IBM ina kasi na makosa mengi, TI inakawia na ni sahihi, Apple na Commodore ziko katikati. Unalipa sekunde, unapewa tarakimu. Kisha Atari inaivuruga habari hiyo yote: ndiyo iliyochelewa kuliko zote, na usahihi wake ni wa kiwango cha IBM iliyokuwa na haraka. Tena Atari ilihifadhi tarakimu nyingi kuliko IBM. Kama kasi na usahihi vingekuwa ncha mbili za mzani mmoja, matokeo ya Atari yasingewezekana. Kwa hiyo inabidi tuingie ndani tuone nini hasa kilikuwa kinalipiwa.

Kwanza, kwa nini kipimo hiki ni kikali. Ukitoa kipeuo cha pili cha 100 mara kumi unapata 1.004507. Ukifanya hivyo kwa 2 unapata 1.000677. Namba zote mia moja, kuanzia 1 hadi 100, zinasongamana kwenye upenyo mwembamba usiofika hata sehemu tano za elfu juu ya 1. Kila kinachoitofautisha 100 na 99 sasa kimo kwenye tarakimu za mbali baada ya nukta. Halafu mraba mara kumi unarudisha ukubwa wa mwanzo, na katika kurudisha unakuza kila kosa la uwiano mara 1,024. Kwa maneno mengine, kipimo kinazila tarakimu tatu za usahihi wa mashine yoyote. Yenye saba inabaki na nne. Yenye kumi na tatu inabaki na kumi.

Sasa tuangalie jinsi mashine hizi zilivyohifadhi namba. Namba yenye nukta inayoelea ina sehemu mbili: tarakimu zenyewe, na kipeo kinachosema nukta ikae wapi. BASIC ya Microsoft, ambayo sehemu yake ya hesabu iliandikwa kwanza na Monte Davidoff mwaka 1975 kwa ajili ya kompyuta ya Altair, ilitumia baiti nne (baiti ni biti nane, na biti ni tarakimu ya 0 au 1): moja ya kipeo, tatu za tarakimu, yaani biti 24 za usahihi, takriban tarakimu saba za desimali. IBM PC ilirithi mpangilio huo kwa namba zake za kawaida. Lakini Microsoft ilipoiandika BASIC upya kwa prosesa ya 6502, iliyomo ndani ya Apple II na (kwa umbo la 6510) ndani ya Commodore 64, toleo lililoenea lilikuwa la baiti tano: biti 32 za usahihi, tarakimu tisa na ushee. Ndiyo maana Apple na Commodore, mashine za makampuni mawili yanayoshindana, zilitoa kosa lilelile. Ndani yake mlikuwa na hesabu ileile ya Microsoft.

Baiti hiyo moja iligharimu nini? Prosesa ya 6502 haina amri ya kuzidisha. Kuzidisha kunafanywa kwa kusogeza na kujumlisha, biti kwa biti, na kila kujumlisha kunapita baiti zote za tarakimu. Kwa biti 24 na baiti tatu unapata hatua ndogo 72. Kwa biti 32 na baiti nne ni 128. Kwa hiyo kuzidisha kunarefuka kama mara 1.8, na ndani ya programu nzima ongezeko ni dogo zaidi, kwa sababu BASIC inatumia muda mwingi kusoma mistari na kutafuta majina ya vigeugeu kabla hata ya kugusa hesabu. Kumbukumbu nayo inalipa: safu ya namba 1,000 inachukua baiti 5,000 badala ya 4,000, kwenye Commodore 64 iliyomwachia mtumiaji baiti 38,911 tu. Na faida? Kosa la kuhifadhi linapungua mara 256. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote yanayoonekana kwenye orodha ile. Gharama isiyofika mara mbili kwa usahihi wa mara mia mbili na hamsini na sita ni biashara ambayo mtu yeyote anayepiga hesabu za mkopo angeikubali bila kusita.

IBM haikupata sekunde zake 24 kwa kupunguza baiti hiyo peke yake. Prosesa yake, 8088, ilikwenda kwa megahezi 4.77 wakati Commodore ilikuwa na moja, ilikuwa na rejista za biti 16, na ilikuwa na amri ya kuzidisha. Ingekuwa na uwezo wa kubeba tarakimu zaidi na bado ikamtangulia Commodore kwa mbali. Na TI-99/4A haikukawia kwa sababu ya tarakimu zake kumi na tatu peke yake. BASIC yake iliandikwa kwa lugha iitwayo GPL, ambayo yenyewe ilikuwa ikifasiriwa hatua kwa hatua, yaani mkalimani ndani ya mkalimani, na programu ya mtumiaji ilikaa kwenye kumbukumbu ya picha ambayo prosesa iliifikia kwa kuomba kupitia chipu ya skrini. Dakika zile karibu nne ni gharama ya mpangilio wa mashine nzima. Kuzibebesha usahihi lawama ni kuuonea.

Turudi kwa Atari, maana hapo ndipo pana funzo zito.

Atari 400 na 800 zilitoka mwaka 1979. BASIC yake haikutoka Microsoft, kwa sababu ile ya Microsoft haikuenea kwenye katriji ya kilobaiti 8. Kazi ikapewa kampuni ya Shepardson Microsystems. Hesabu zikawekwa kwenye kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kudumu ya mashine, na zikafuata mfumo wa desimali: baiti sita, moja ya kipeo, tano za tarakimu, kila baiti ikibeba tarakimu mbili. Kumi kwa jumla. Kwenye karatasi ni zaidi ya IBM kwa tarakimu tatu.

Uamuzi wa desimali ulikuwa na sababu ya heshima. Kwenye mfumo wa jozi, unaotumia 0 na 1 tu, sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho kwenye desimali. Chukua akiba ya dola 1,000 inayokua kwa asilimia 1 kila mwezi kwa miaka 30. Jibu sahihi ni dola 35,949.64. Lakini 1.01 ikihifadhiwa kwa biti 24 inakuwa 1.0099999905 hivi, na hata kama hatua zote zinazofuata zingekuwa timilifu, pengo hilo dogo likizidishwa kwa miezi 360 linapoteza kama senti 12. Kwa biti 32 hasara haifiki senti moja. Kwenye Atari, 1.01 inahifadhiwa kama ilivyo, bila pengo lolote. Kwa mtu anayejumlisha bei za duka, mfumo huo ulikuwa wa kuaminika kuliko wa jirani zake wote waliotumia jozi.

Tatizo ni kwamba usahihi wa desimali hausambai sawasawa. Kipeo cha Atari kinahesabu kwa mamia, si kwa makumi, ili nukta isiwahi kukata baiti katikati. Namba kama 1.00450737 inaandikwa 01, 00, 45, 07, 37. Baiti ya kwanza ina sifuri isiyo na kazi, na tarakimu kumi zimekuwa tisa. Baada ya nukta zimebaki nafasi nane, basi. Hatua ndogo kabisa ambayo mashine inaweza kupiga karibu na 1 ni 0.00000001. Ikuze mara 1,024, halafu uitumie kwenye jumla ya 1,010, na unafika kwenye 0.01. Hilo ndilo kosa la Atari, karibu kabisa na lilivyoonekana kwenye orodha. Programu ya Ahl, kwa kusongamanisha namba zake zote juu kidogo ya 1, iliisukuma Atari mahali pake dhaifu kuliko pote. Ingekuwa inafanya kazi na namba karibu na 90, baiti ya kwanza ingejaa, na hatua ile ile ingekuwa ndogo karibu mara tisini kwa uwiano.

Kwa hiyo hata neno “tarakimu kumi” halikuwa na maana moja. Mtengenezaji aliweza kuliandika kwenye sanduku kwa haki kabisa, na bado mteja akapata tarakimu tisa pale alipozihitaji.

Na muda je? Atari ilikuwa na 6502 kama Apple, tena yenye mwendo wa juu zaidi, megahezi 1.79. Ingawa chipu ya picha iliipokonya sehemu ya muda, ilipaswa kuwa mbele. Lakini kuzidisha kwa desimali ndani ya zile kilobaiti 2 kulifanywa kwa kujumlisha tena na tena, tarakimu baada ya tarakimu, na BASIC yenyewe ilipofika NEXT, amri inayofunga kitanzi, ililazimika kuutafuta upya mstari wa FOR unaokianzisha tangu mwanzo wa programu. Mwisho wa 1985 mtaalamu wa Ujerumani, Frank Ostrowski, alichapisha Turbo-BASIC XL katika jarida la Happy Computer. Alibaki na mpangilio uleule wa namba za desimali, lakini aliandika upya njia za kuhesabu na za kuzunguka vitanzi, na mashine ikapata kasi kubwa bila kupoteza tarakimu hata moja. Kwangu huo ndio ushahidi unaofunga shauri. Kasi iliyokosekana kwenye Atari haikuwa imebadilishwa na kitu chochote. Ilikuwa imepotea tu, kwa kubanwa na nafasi na tarehe ya kutoa bidhaa.

Commodore nayo ina siri yake, na inaonekana ukipiga hesabu kidogo. Tuseme kila hatua, kipeuo na mraba, ingetoa jibu la karibu kabisa linaloweza kuandikwa kwa biti 32. Kila hatua ingekosea kwa uwiano usiozidi 0.00000000023. Ukijumlisha athari za hatua zote ishirini, na ukajifanya kwamba makosa yote yameelekea upande mmoja, jumla haiwezi kuzidi 0.00075 hivi. Lakini mashine ilionyesha 0.00104. Kosa limezidi kiwango cha juu kabisa ambacho uhifadhi pekee ungeweza kuleta. Maana yake, njia zenyewe za kukokotoa zilikuwa zikiongeza makosa yake.

Njia hizo zinajulikana. Katika BASIC hii, SQR, amri ya kipeuo cha pili, haina mbinu yake: inaweka 0.5 kama kipeo kisha inaingia kwenye njia ileile ya alama ya ^, inayopandisha namba kwa kipeo (A^2 ni mraba wa A). Na hiyo inatafuta logarithimu ya namba, inaizidisha kwa kipeo, halafu inarudisha kwa EXP, kinyume cha logarithimu. Logarithimu ni polinomia ya vipande vinne pamoja na kugawanya kumoja. EXP ni polinomia ya vipande vinane. Ukihesabu, A^2 inadai kuzidisha zaidi ya mara kumi, kila kuzidisha kukiwa na kosa lake dogo, ili kupata jibu ambalo A*A inalitoa kwa kuzidisha mara moja tu, likiwa limekosea kwa mviringisho mmoja tu wa mwisho.

Hapa hakuna mabadilishano kabisa. Aliyeandika A*A mahali pa A^2 alipata kasi na usahihi kwa pamoja. Waandishi wengi wa programu za siku zile walilijua hilo, wengine wengi hawakulijua, na kitabu kilichokuja na mashine hakikuwasaidia. Vivyo hivyo kwa vigeugeu vya namba nzima, vinavyoandikwa kwa alama ya %. Kwenye BBC Micro ya Uingereza, BASIC iliyoandikwa na Sophie Wilson ilihesabu A% kama namba nzima ya biti 32, na ilikuwa nyepesi kweli. Kwenye Commodore, A% ilihifadhiwa kwa baiti mbili, lakini kabla ya kila hesabu iligeuzwa kuwa namba ya nukta inayoelea, ikahesabiwa, ikageuzwa tena. Mtu aliyeitumia akidhani anaharakisha alikuwa anachelewesha.

Lililoniumiza zaidi katika kisa kizima liko upande wa IBM. BASIC yake iliruhusu namba za baiti nane: ukiandika A# unapata tarakimu kumi na sita. Mhandisi mwangalifu angebadilisha programu ya Ahl kwa kuweka alama hiyo kila mahali, akangoja zaidi, na akaamini amenunua usahihi kwa sekunde zake. Lakini SQR, LOG, EXP, SIN na wenzake waliendelea kuhesabu kwa usahihi wa tarakimu saba, isipokuwa BASIC iwe imeanzishwa kwa swichi ya /D. Bila swichi hiyo, tarakimu kumi na sita zinaonekana kwenye skrini, na tisa za mwisho hazina maana. Gharama ilikuwa ya kweli na bidhaa haikuwepo. Kwenye ubao wa mashine hiyohiyo palikuwa na tundu la kuchomeka 8087, chipu ya hesabu iliyobeba namba kwa biti 80 ndani yake na iliyoendana na kazi ya William Kahan wa Berkeley, kazi iliyozaa IEEE 754, kiwango cha pamoja cha namba za nukta inayoelea, mwaka 1985. BASIC iliyokuja na mashine haikuitumia hata ukiinunua.

Kipimo cha Ahl bado kina kazi. Kadi za michoro zilizomo kwenye kompyuta za nyumbani leo zinaendesha mifumo ya akili bandia kwa namba za biti 16, na mojawapo ya mipangilio inayotumika sana, bfloat16, inabakiza biti 8 tu za usahihi, pungufu ya Altair ya 1975. Karibu na 1, hatua yake ndogo kabisa ni 0.0078. Nimeifuata 100 kwa mkono, nikiviringisha kila kipeuo kwa mpangilio huo: 10, kisha 3.15625, 1.7734, 1.3281, 1.15625, 1.0781, 1.0391, 1.0156, 1.0078. Kipeuo cha kumi ni 1.0038986, chini kidogo ya nusu ya hatua, kwa hiyo kinaangukia kwenye 1 kamili. Kama 100 imefika 1, na namba zote ndogo kuliko hiyo lazima ziwe zimefika 1. Ukipandisha 1 mraba mara kumi unapata 1. Jumla ya namba zote mia moja, hata ikihifadhiwa kwa tarakimu nyingi, ni 100, ikigawanywa kwa 5 ni 20, na programu ya mwaka 1983 ingeandika kosa la 990.